Bajeti Ikikatwa, Programu Huria Inataka Watu

Ndugu Mwenyekiti, na ninyi wahasibu mliokubali kukaa na mafundi leo, asanteni kwa kuja.

Kila uchumi unapoyumba, simu huanza kulia kwa sisi watu wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake, maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa wote. Mkurugenzi kapunguziwa fungu, leseni zinakaribia kuisha, na mtu kamnong'oneza kwamba ipo LibreOffice ya kazi za ofisi, ipo Linux ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na hazidaiwi ada ya leseni. Ni kweli. Leo nataka tuzungumzie yanayofuata baada ya hapo, maana ndipo fedha huokolewa au hupotea.

Chukueni Gendarmerie ya Ufaransa, polisi wenye nidhamu ya jeshi wanaolinda vijiji na miji midogo. Mwaka 2005 walianza kuachana na programu za ofisi za Microsoft wakahamia OpenOffice. Baadaye wakabadilisha kivinjari na barua pepe: Firefox na Thunderbird. Windows yenyewe hawakuigusa. Askari aliwasha kompyuta ileile, akabonyeza alama mpya, akaandika ripoti yake. Mwaka 2008, programu alizokwisha kuzizoea zikiwa zinafanya kazi vilevile ndani ya Linux, ndipo wakaanza kuiondoa Windows na kuweka Ubuntu, toleo mojawapo la Linux. Kufikia 2013 kompyuta zipatazo 37,000 zilikuwa zimehamishwa.

Angalieni tarehe hizo. Mtikisiko wa uchumi uliikumba dunia mwishoni mwa 2008, na hawa walikuwa wameshaanza safari miaka mitatu nyuma. Mapema 2009 ofisa wao alieleza hadharani kwamba wameshaokoa takriban euro milioni 50. Njaa iliwakuta na akiba. Anayesubiri barua ya Hazina ndipo ahame anajipa miezi michache ya kufanya kazi ya miaka.

Na kampuni nazo hufa wakati wa ukata. Sun Microsystems, waliokuwa wakiilea OpenOffice, waliyumba katika mtikisiko uleule. Novemba 2008 walitangaza kupunguza maelfu ya wafanyakazi, na Januari 2010 Oracle ikakamilisha kuwanunua. Septemba mwaka huohuo waandishi wengi wa programu hiyo walijitoa, wakachukua msimbo ambao ulikuwa wazi kwa wote, wakaanzisha LibreOffice. Ofisi zilizotaka kuwafuata hazikuhitaji ruhusa ya mtu, na nyaraka zao zilifunguka. Kwangu mimi faida hiyo inazidi bei.

Kwetu kuna kikwazo kingine. Kompyuta nyingi mnazozijua zina Windows iliyowekwa na fundi wa mtaani, leseni haijulikani ilikotoka. Kwa mhasibu hiyo nayo ni bure, kwa hiyo haoni LibreOffice itamwokolea nini. Ataona siku virusi vitakapofunga mafaili yote, kwa kuwa mashine hiyo haijapata masasisho tangu inunuliwe.

Halafu kuna faili la mishahara. Karibu kila ofisi inalo: jedwali la Excel lenye makro, amri za kukokotoa zinazojiendesha, zilizoandikwa na mtu aliyekwisha kustaafu. Ukilifungua kwenye LibreOffice, safu zote unaziona, ila kitufe cha kukokotoa makato hakifanyi kitu. Mradi mzima hufia hapo, kwenye dawati moja, mwisho wa mwezi, watu wakisubiri mshahara. Mpeni fundi muda aiandike upya hesabu hiyo kabla ya kuhama, au iacheni kompyuta hiyo moja na Excel yake iliyolipiwa. Hakuna aibu.

Yote haya yanataka watu. Mwaka 2011 Kenya ilianza kukusanya takwimu za afya za nchi nzima kupitia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Leseni ni sifuri, lakini seva inataka mwangalizi, na watunza takwimu wanataka mafunzo. Katika nchi zetu gharama hizo kwa kiasi kikubwa zimebebwa na wafadhili. Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, hakuna aliyekuja kudai programu irudishwe. Kilichotikisika ni ajira za watu waliokuwa wakiihudumia mifumo ya afya.

Wanaoziandika programu hizi nao wanakula. Aprili 2014, kasoro iliyoitwa Heartbleed ilipogunduliwa kwenye OpenSSL, tovuti nyingi mno duniani zilikuwa zikiitegemea programu hiyo kulinda siri za wateja. Mradi wenyewe ulikuwa ukipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka, na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu. Mabenki yaliyokuwa yakiitumia yalikuwa na fedha. Hawakuwa na mahali pa kuiandikia malipo.

Ninyi mnapo. Kwenye vitabu vyenu vya bajeti kuna kasma ya leseni. Ikifutwa, fedha isirudi yote Hazina. Fungueni kasma ya matunzo ya programu: mshahara wa fundi, mafunzo ya watumiaji, na fungu dogo la kuchangia wanaoandika mnachokitumia. Makadirio ya Julai hayajafungwa bado.