Mistari miwili inapokatana: mhadhara kuhusu majaribio ya dawa mpya za saratani ya mapafu

Karibuni ndugu zangu, mliosimama huko nyuma sogeeni, viti bado vipo huku mbele. Leo sianzi na sigara, hayo mshayasikia sana. Naanza na hii grafu hapa ukutani, naomba muiangalie kwanza.

Mnaona mistari miwili inashuka kama ngazi. Kila kangazi kanakoshuka pale kana mtu wake. Yani kuna mtu siku hiyo skani yake ilitoka ikaonyesha uvimbe umekua tena, au mtu huyo alifariki. Nimeziangalia grafu za namna hii miaka mingi na bado sijazoea, na wala sitaki kuzoea.

Hili ni jaribio linaitwa IPASS, matokeo yalichapishwa 2009. Wagonjwa 1,217 wa Asia Mashariki, wote wana saratani ya mapafu ya seli zisizo ndogo, ile aina inayobeba kama 85% ya saratani zote za mapafu, na wengi wao hawakuwahi kuvuta sigara kabisa. Nusu wakapewa kidonge cha gefitinib, nusu wakatundikiwa kemo, yani dripu za dawa zinazoua seli zinazogawanyika haraka, hapa carboplatin na paclitaxel. Nani aende wapi ilipangwa kwa kura, daktari hakuchagua, mgonjwa hakuchagua, na hapo ndo nguvu ya jaribio ilipo maana tukiwaachia madaktari wachague watawapa dawa mpya wale wenye nguvu nguvu afu tutasema dawa ni nzuri kumbe watu ndo walikuwa na afya. Sasa wakapima muda mpaka ugonjwa unasonga mbele. Ule muda ambao nusu ya watu ugonjwa wao ushasonga: kidonge miezi 5.7, kemo miezi 5.8. Ukiishia hapo unasema aah, ngoma droo, twende nyumbani.

Lakini angalieni mistari yenyewe. Mwanzoni ule wa kidonge uko chini, watu wanaporomoka haraka. Alafu mistari inakatana hapa, na kuanzia hapo wa kidonge uko juu mpaka mwisho. Mimi nikiona mistari imekatana hivi cha kwanza najiuliza, hivi hapa hatujachanganya watu wa aina mbili kwenye kapu moja?

Na ndivyo ilivyokuwa. Walichukua vipande vya nyama vilivyotolewa kwenye uvimbe, vikapatikana vya kupimika vya watu 437, wakatafuta mabadiliko kwenye jeni moja inaitwa EGFR. Hii EGFR ichukulie kama swichi ya seli. Kawaida inawaka na kuzimika. Ikibadilika inaganda ikiwa imewaka, seli inaambiwa gawanyika, gawanyika, usiku na mchana, na gefitinib inaenda kukaba pale pale kwenye swichi. Waliokuwa na hayo mabadiliko, uvimbe ulinywea kwa 71% ya waliomeza kidonge, kwenye kemo 47%. Wasiokuwa nayo wakameza kidonge walikuwa 91. Uvimbe ulinywea kwa mtu mmoja. Mmoja tu kati ya 91! Na wenzao wasio na mabadiliko waliopata kemo, karibu robo yao ulinywea.

Kidonge kile kile jamani. Huyu kinamwinua kitandani, yule kinamlia muda wake ambao angekuwa anapata kemo. Na mkichanganya wote mnapata 5.7 na 5.8, kama vile hakuna kilichotokea. Ndo maana mtu akiniuliza hii dawa mpya inafanya kazi, siwezi kumjibu mpaka nijue inafanya kazi kwa nani, na imelinganishwa na nini.

Na hili halikuishia kwenye EGFR. 2016 yalitoka majaribio mawili ya dawa zinazofanana sana, zinazoachia breki iliyoikamata kinga ya mwili. Kuna uvimbe unajivika protini inaitwa PD-L1, askari wa kinga wakifika wanaiona hiyo wanapita zao. Jaribio la KEYNOTE-024 lilichukua watu 305 ambao angalau 50% ya seli za uvimbe zina hiyo protini, pembrolizumab ikaishinda kemo waziwazi, na baada ya miaka mitano waliokuwa hai ni karibu 32% dhidi ya 16%. La pili, CheckMate 026, lilitumia nivolumab na likapima matokeo kwa watu wanaoanzia 5%. Nivolumab haikuishinda kemo. Kwa maoni yangu ule mpaka wa 5% badala ya 50% ulichangia sana.

Afu kuna hili la kulinganisha. KRAS ni jeni ambayo kwa miongo kadhaa wanasayansi walisema haishikiki kwa dawa. Ikaja sotorasib, kidonge cha kukaba KRAS iliyobadilika, watu 124, hakuna kikundi cha pili cha kulinganisha, uvimbe ukanywea kwa 37% yao, na 2021 Marekani ikaikubali. Furaha ilikuwa kubwa na mimi nilifurahi. Kisha ikawekwa uso kwa uso na docetaxel, kemo ya siku nyingi: muda kabla ugonjwa kusonga miezi 5.6 kwa 4.5, na kwenye kuishi hapakuonekana tofauti. Sisemi ni dawa mbaya, ni kidonge na wengi wanakivumilia kuliko docetaxel. Ila bila kile kikundi cha pili tungebaki na shangwe tu.

Mama pale mbele ameniandikia swali, "mtu wangu akiingia si atapewa kidonge cha uongo afe?" Mama, asante, hofu hiyo ni ya haki. Kwa ugonjwa ambao tayari una tiba, kikundi cha pili kinapewa tiba hiyo inayotumika sasa, hakiachwi hivi hivi. Plasebo, yani hicho kidonge kisicho na dawa, inatumika pale ambapo vinginevyo mgonjwa asingeongezewa kitu, mfano ADAURA, watu walishapasuliwa, uvimbe ushatolewa, wenye mabadiliko ya EGFR, nusu wakapewa osimertinib, kidonge kingine cha kukaba EGFR, nusu plasebo. Na kuna kamati huru inachungulia data wakati jaribio linaendelea. Kwenye ile KEYNOTE-024, Juni 2016 kamati ilisema simamisheni, na waliokuwa kwenye kemo wakapewa nafasi ya kupata pembrolizumab.

Kwa hiyo akipewa fomu ya ridhaa asisaini pale pale mezani. Aende nayo nyumbani, aisome na mtu. Aulize uvimbe wake umepimwa jeni gani, na kama nyama ya biopsi haitoshi, damu inaweza kupimwa? Kikundi cha pili kinapata nini? Ugonjwa ukisonga ataruhusiwa kuhamia dawa mpya? Na anaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu, na matibabu yake ya kawaida yanaendelea.

Kijana ameuliza vile vialama vidogo vya kusimama kwenye grafu zingine ni nini. Swali zuri. Hao ni watu ambao siku hesabu inafungwa ugonjwa wao ulikuwa bado haujasonga, au walijitoa kabla. Hawashushi ngazi. Ukiwaona wengi kule kulia, juu ya mstari, wengi wao ni watu waliokuja kliniki, wakapigwa skani, wakaambiwa bado iko vile vile, wakarudi nyumbani.