Kabla ya Mbuzi na Mbegu, Shamba ni la Nani?

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi vijana mnaosomea maendeleo ya jamii, habari za mchana. Nimepewa mada ya kuzisaidia jamii zetu zijikwamue na umaskini na dhuluma. Nikiiachia ilivyo, magharibi itatukuta hapa. Kwa hiyo naibana: nitazungumzia ardhi ya kijiji, na nani anakuwepo inapoamuliwa.

Nianze na kesi. Mwaka 1988 Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya kutoka Kagera, Tanzania, aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Jamaa yake, Bernardo Ephrahim, akakimbilia mahakama ya mwanzo kutaka mauzo yabatilishwe, akashinda, maana kwa mila ya Kihaya iliyokwisha kuandikwa, mwanamke hula matunda ya ardhi ya ukoo maisha yake yote ila haiuzi. Mahakama ya wilaya ikatengua uamuzi huo. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema ubaguzi huo hauwezi kukaa pamoja na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Na hapa wengi hawasomi mpaka mwisho: jaji hakuufukuza ukoo. Ukoo ulibaki na nafasi ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake, ila kuanzia hapo kanuni ni ile ile kwa muuzaji mwanamume na mwanamke.

Miaka tisa baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Inasema waziwazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi, lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu ni wanawake. Kwenye karatasi, tumeshinda.

Sasa twendeni shambani, siku ya kupima kwa ajili ya hatimiliki za kimila. Wapimaji wamefika, majirani wamesimama mpakani kushuhudia, mwenyekiti wa kitongoji yupo. Karani anafungua fomu, anauliza: "Shamba la nani?" Mume anataja jina lake. Mke yuko wapi? Yuko nyumbani anawapikia wapimaji. Hakuna aliyevunja sheria, hakuna hata aliyekusudia ubaya. Lakini fomu imejazwa, na ile fomu ina nafasi ya kuandika majina ya mke na mume kwa pamoja.

Mume akifa, wanakaa kikao cha ukoo. Mahakama ya mwanzo, kwa mazoea, huulizia muhtasari wa kikao hicho kabla ya kumteua msimamizi wa mirathi. Muhtasari unaandikwa matangani, mjane macho yamevimba, analetewa kalamu: "Shemeji, weka sahihi hapa, ni utaratibu tu." Anaweka. Mwaka haujaisha, shamba linauzwa na msimamizi huyo, barua ya mahakama mkononi.

Mjane huyu ndiye tutakayemwandikisha kwenye mradi wa mbuzi. Sisemi mbuzi ni wabaya, na picha zake hutoka vizuri kwenye ripoti. Lakini atawalishia wapi? Ukitaka kumsaidia, siku ya kumsaidia ilikuwa ile ya upimaji. Msaidizi wa kisheria apite nyumba kwa nyumba wiki moja kabla, aeleze maana ya majina mawili. Na mwenyekiti akubali kwamba bila mke kufika mpakani, fomu haijazwi.

Hali ni hiyo hiyo kwenye ardhi ya wote. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ni wa kila mkazi mtu mzima. Tena ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo tena mikononi mwa kijiji, ili apewe mwekezaji, mwekezaji akifunga virago hairudi kijijini yenyewe. Kisarawe, hekta 8,211 zinazogusa vijiji 11 zilichukuliwa na kampuni kwa kilimo cha mibono, mimea ya mbegu za mafuta. Kampuni hiyo ikaanguka mwaka 2011, na ardhi haikurudi vijijini.

Mkienda mafunzo kwa vitendo, msianze na dodoso la kaya. Ombeni kwanza kitabu cha mihtasari ya mkutano mkuu. Tazameni mikutano iliitishwa lini, saa ngapi, na mahudhurio yana sahihi za nani. Mkutano ulioitishwa saa ya kuchota maji, na orodha ya majina yenye mwandiko mmoja, vitawaeleza mengi kuliko dodoso. Naomba niishie hapo, nipokee maswali.