Mzabibu kwa pingili: miguu kwenye joto, kichwa kwenye baridi

Karibuni. Nje baridi inauma, na mzabibu umepukutisha majani yote. Umelala, na huu ndio wakati wa kuukata.

Tafuta tawi lililoota msimu uliopita, la kahawia, unene wa penseli. Likwaruze kwa kucha hivi. Umeona kijani hapo chini ya gome? Lipo hai. Pakiwa pakavu, tupa.

Kata pingili, yaani kipande cha tawi, ya macho (sehemu zinazochipua) matatu au manne, kama sentimita 30. Chini kata moja kwa moja, karibu kabisa na jicho. Juu kata mshazari, ukiacha sentimita 2 hivi juu ya jicho. Usipuuze hilo la mshazari. Zikishalala mezani zote hufanana, na mimi nimewahi kupanda nane kichwa chini, nikakaa mwezi mzima nikizisubiri.

Kama huzioteshi leo, zifunge kwa gazeti bichi, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye friji, mbali na matunda. Zisigande tu.

Siku ya kupanda, ziloweke usiku kucha. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, kata shingo, toboa kitako. Jaza mchanga uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Finya konzi moja: yakidondoka matone mawili, sawa, maji yakitiririka, umezidisha, na pingili itaoza. Zika macho ya chini mawili au matatu, la juu libaki nje.

Sasa sikilizeni vizuri, maana wengi huharibia hapa. Chini panataka joto, nyuzi 25 hivi; juu panataka ubaridi. Mimi naweka chupa juu ya mkeka wa umeme wa kupashia miche, kwenye chumba kisicho na joto. Chumba kizima kikiwa na joto, macho huamka kabla ya mizizi. Utaona majani mazuri, utafurahi, kumbe yanakula akiba iliyomo kwenye kijiti. Akiba ikiisha, yananyauka.

Kwa hiyo jani lisikudanganye, wala usivute pingili kuchungulia. Ndiyo maana tumetumia chupa hii. Izungushie karatasi nyeusi, uwe unaifunua mara moja kwa wiki. Kwanza kwenye mkato hutokea uvimbe mweupe kama punje za mchele. Huo si ukungu, msiufute! Mizizi hufuata, mara nyingi kati ya wiki ya tatu na ya sita. Kikichomoza kishada cha maua, kinyofoe.

Mizizi ikigusa ukuta wa chupa, hamishia kwenye chungu. Usichomoe, pasua chupa kwa mkasi, kwa sababu mizizi hii hukatika kwa kuguswa tu. Baridi ikishapita, utoe mche nje kivulini kwa muda wa saa mbili, kesho kwa saa tatu, hivyo hivyo kama wiki nzima, ndipo uuonyeshe jua kali.