Mgumba Humrithisha Nani?

Ndugu wafugaji, madaktari wenzangu wa mifugo, wanafunzi, asanteni kwa kuja. Sitaanza kueleza kromosomu ni nini wala jeni ni nini, hayo mnayajua. Nataka tuzungumze kuhusu dume.

Kila ninapoitwa kwenye zizi lenye tatizo la uzazi, naoneshwa majike. Huyu amepandwa mara tatu amerudia joto, yule hajashika tangu masika, yule pale anapelekwa mnadani Jumamosi. Fahali amesimama pembeni anatafuna, hakuna aliyemgusa. Nikiuliza kama amepimwa, jibu ni lile lile: "Daktari, huyu anapanda vizuri sana."

Kupanda si kuzalisha! Nimelisema kila mahali na nitaendelea kulisema. Kupanda kunataka hamu, miguu na mgongo. Kuzalisha kunataka mbegu, na mbegu huwezi kuzikagua kwa macho. Chukua tone la shahawa ya fahali mzima, liweke kwenye kioo kilichopashwa joto la mwili, utaona chini ya hadubini mawimbi yanazunguka, yanapinduka, hayatulii. La fahali mbovu linaweza kuwa limelala kimya. Na fahali wote wawili wana shingo nene ile ile.

Walionisikia siku nyingine wanajua sasa naelekea Ngorongoro. Mwaka 1962 mvua zilizidi, nzi wang'ataji wakafurika kreta nzima, simba wakadhoofika na kufa hadi wakabaki kama 10, majike 9 na dume 1. Miaka ya 1964 na 1965 wakaingia madume wengine 7 kutoka nje. Baada ya hapo mlango ulifungwa: madume ya kreta yaliongezeka, yakawa na nguvu, kila mgeni aliyejaribu kushuka akafukuzwa. Katikati ya miaka ya 1970 simba walikuwa wengi tena, watalii wanafurahi, kila mtu anasema wamepona. Kumbe wote wametokana na waasisi 15 tu, na walikuwa wakizaana ndugu kwa ndugu.

Watafiti wakawalaza madume kwa dawa ya usingizi, wakachukua shahawa, wakalinganisha. Matokeo yalitoka mwaka 1987. Kwa simba wa Serengeti, ambao ni wengi na wanachanganyika, mbegu zenye kasoro zilikuwa karibu 25 kwa mia. Kwa simba wa kreta, ambao ni majirani zao kabisa, kama 50 kwa mia. Kwa simba wa msitu wa Gir kule India, waliobanwa zaidi kwa muda mrefu zaidi, 66 kwa mia. Mikia imejikunja, shingo za mbegu zimepinda, vichwa havina umbo. Na ukimtazama simba dume wa kreta kwa nje, manyoya yake ya shingoni yanapendeza kuliko ya yeyote!

Najua kuna anayetaka kuniambia, "Lakini simba wa kreta wanazaa." Ndiyo, wanazaa. Sijasema ni wagumba. Nimesema nusu ya mbegu ni mbovu, na chanzo ni damu kujirudia. Mnyama hupokea nakala mbili za karibu kila jeni, yaani kila agizo la urithi, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa mbovu, mara nyingi nyingine huibeba kazi. Mkiwazalisha ndugu, ni rahisi nakala mbovu mbili kukutana. Sasa niambie, fahali wako ana miaka mingapi zizini? Amewapanda binti zake? Na wajukuu? Basi una Ngorongoro yako nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo huja swali ninaloulizwa kuliko yote, na waulizaji huwa na uhakika wamenibana: mgumba humrithisha nani? Kama hazai, ubovu wake si utakufa naye?

Haufi naye, kwa sababu hakuuleta peke yake. Finland walikuwa na nguruwe wa aina ya Yorkshire, madume wazima kabisa, wanakula, wanakua, wanapanda, lakini mbegu zao zina mikia mifupi na hazisogei. Mwaka 2006 ikajulikana kwamba kipande cha vinasaba kimejipachika ndani ya jeni moja inayohitajika kujenga mkia wa mbegu. Dume lenye nakala mbili mbovu halizai. Lakini baba yake na mama yake, wenye nakala moja moja, walizaa bila shida yoyote, na dada na kaka zake wanaendelea kuisambaza. Mgumba mmoja unayemwona ana jamaa wengi wazima wanaobeba kasoro ile ile.

Na jike naye hubeba. Kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni, na kromosomu X ya mtoto wa kiume hutoka kwa mama. Jeni ya TEX11 imo humo, na ikiharibika utengenezaji wa mbegu husimama njiani. Mama mwenyewe hana dalili, amezaa watoto.

Hizo ni njia mbili za ugumba kuingia: kwa wazazi wote wawili, au kwa mama peke yake. Njia ya tatu ni kasoro mpya isiyorithiwa kabisa. Mwanamume wa XXY badala ya XY ya kawaida, mmoja katika kila 600 hivi, kwa kawaida alipata X ya ziada kwa ajali ya mgawanyiko katika yai au mbegu. Wazazi hawana kosa. Paka dume mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa huwa hivyo hivyo, na karibu kila mara hazai. Baghala nilitaka kumweleza kwa kirefu, ila mwenyekiti ananionesha saa: farasi ana kromosomu 64, punda 62, mtoto wao baghala 63, haziwezi kupangana jozi.

Nimalizie na binadamu haraka, maana kwenye nyumba zetu hali ni ile ile ya zizini. Mke anazungushwa hospitali miaka, mume hajatoa hata sampuli moja, na huku takriban nusu ya matatizo ya kukosa mtoto yanamhusu mwanamume pia. Pimeni wote wawili, siku moja.

Na mume akikutwa hana mbegu kabisa, aombe kipimo cha kromosomu zote na cha Y, ile ambayo mwana wa kiume huipata kwa baba. Kwenye Y kuna maeneo matatu yanayohitajika kutengeneza mbegu, huitwa a, b na c. Eneo la c likikosekana, mara nyingi mbegu chache hupatikana na maabara husaidia, ila kila mtoto wa kiume atapokea Y hiyo hiyo, na wazazi waambiwe kabla. Eneo la a au la b likikosekana lote, msilipie upasuaji wa kutafuta mbegu. Hazipatikani.