Funga Daftari Ujiulize: Mhadhara kwa Watahiniwa wa Kidato cha Nne na Wazazi Wao, Uyole, Mbeya

Marahaba, wanangu. Kaeni, na wale wa nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo. Wazazi wangu, walimu wenzangu, asanteni kwa kuacha kazi zenu na kuja kwenye baridi hii ya Julai.

Nimepewa mada mbili: namna ya kufanya marudio, na namna ya kukabili hofu ya mtihani. Nitazizungumza kama mada moja. Kwa miaka yote niliyofundisha, hofu kubwa nimeiona ikitoka mahali pamoja: mtoto anaingia chumba cha mtihani hajui anajua nini. Amesoma, ndiyo. Amesoma mpaka macho yamekuwa mekundu. Ila hajawahi kufunga daftari akajiuliza, "Humu kichwani kimebaki nini?" Swali hilo anaulizwa kwa mara ya kwanza mwezi Novemba, na anayemuuliza ni Baraza la Mitihani. Mikono itaacha kutetemeka?

Haya nimeyasema Tukuyu, nimeyasema Mafinga na Makambako, na nitaendelea kuyasema mpaka yaeleweke.

Nianze na wapiga msuli, maana hao ndio wananiuma zaidi. Mnawajua. Saa 8 usiku yuko darasani peke yake, shuka begani, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ili asisinzie. Beseni la maji baridi, Mbeya, mwezi huu! Mbele yake daftari la biolojia. Anasoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, anapiga mistari kwa kalamu nyekundu. Kesho usiku anarudia daftari lilelile, sasa kalamu ni ya kijani. Akifika mara ya nne kila sentensi anaijua kabla hajaifikia. Anafurahi. Anawaambia wenzake, "Mfumo wa damu nimeumaliza."

Unakuja mtihani wa utamilifu. Swali linamtaka aeleze safari ya damu kutoka moyoni hadi kwenye mapafu na kurudi. Anakumbuka ukurasa ulivyokaa, mchoro ulikuwa upande wa kushoto, mistari ya kijani ilikuwa chini. Damu yenyewe inapita wapi, hakumbuki. Matokeo yakibandikwa wenzake wanamwimbia ule msemo wenu: msuli tembo, matokeo sisimizi. Kibaya kuliko kuchekwa, naye anaanza kuamini kwamba ni kilaza. Akishaamini hivyo anaongeza dawa ileile iliyomdhuru: usiku mwingi zaidi, mistari mingi zaidi, na beseni juu yake.

Mtoto huyu si kilaza, wala si mvivu. Kuna wavivu ambao wangetamani robo ya moyo wake. Tatizo lake ni kwamba ametumia usiku wote kutazama. Binti anayemtazama mama yake akisonga ugali mwaka mzima ataujua ugali kwa kuuona, harufu yake, na wakati wa kuipua. Mpe mwiko leo, utaona mabonge. Kujua kitu kikiwa mbele ya macho ni jambo moja, na kukitoa kichwani kikiwa hakipo ni jambo jingine kabisa. Mtihani unataka hilo la pili.

Najua kuna mzazi hapa anasema moyoni, "Mwalimu huyu anakataza watoto kusoma." Sikatazi. Nasema soma mara moja kwa makini, kisha funga. Chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka. Ukikwama, usifungue haraka, sumbuka kidogo. Halafu fungua, uangalie ulichoacha na ulichokosea, ukisahihishe. Basi. Hayo ndiyo marudio. Mengine yote ni kujiliwaza.

Na msidhani ni maneno yangu tu. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya kusoma. Vingine walivisoma kisha wakavisoma tena. Vingine walivisoma mara moja, wakaondolewa maandishi, wakaambiwa waandike wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, kusoma tena ndiko kulikoongoza: asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, waliojipima walikumbuka 56. Mtu mmoja darasani anaweza kusema, tofauti ya 14 ni ndogo. Wewe mwenye 44 kwenye karatasi ya matokeo, ambaye 1 tu imekunyima C, hebu niambie kama 14 ni ndogo.

Sasa sikilizeni sehemu inayonifanya nirudie habari hii kila ninapokwenda. Katika jaribio lao jingine waliwauliza wanafunzi, "Unadhani utakumbuka kiasi gani baada ya wiki?" Waliosoma na kusoma tena ndio waliojiamini zaidi. Mmesikia? Mbinu dhaifu ndiyo inayokupa raha. Kujipima kunauma, kunakuonyesha mapengo, unalala umenuna. Kwa hiyo ukitafuta mbinu kwa kufuata hisia zako utachagua beseni kila siku.

"Mwalimu, nikifunga daftari nisikumbuke kitu si nitakata tamaa?" Swali hilo huulizwa kila mahali, na linaulizwa kwa uchungu wa kweli. Jibu langu: pengo unaloliona Julai lina miezi ya kuzibwa. Pengo hilohilo ukiliona kwa mara ya kwanza Novemba, msimamizi anapita katikati ya madawati na saa ukutani inakimbia, hilo halizibiki. Hofu ya leo ni ndogo na ina dawa. Ukishaona mara nyingi kwamba umekwama, ukafungua, ukasahihisha, kesho yake ukakumbuka, moyo wenyewe unatulia. Hakuna maneno ya kutia moyo yanayofanya kazi hiyo, hata haya yangu.

Mwingine anasema hana vitabu, yeye ni wa kutwa, nyumbani taa hakuna. Mwanangu, karatasi tupu haihitaji kitabu. Unatembea kutoka shule hadi nyumbani, pengine saa nzima. Njiani jitajie sababu za Vita vya Majimaji bila kuangalia popote. Pepa za nyuma ziko kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, na huko huko kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali: waliofanya vizuri waliandika nini, waliokosa walikosea wapi, na picha za majibu yao halisi zimewekwa. Walimu wenzangu, hili nawaambia ninyi. Taarifa hizo ni bure. Zinarudia kilio kilekile mwaka hadi mwaka, kwamba mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, au alielewa akashindwa kulieleza kwa Kiingereza. Simu moja ya mwalimu inatosha kuzipakua kwa ajili ya shule nzima. Kwa nini mtoto afike Novemba bila hata kuambiwa kwamba zipo?

Na hapo kwenye Kiingereza nisimame kidogo, ingawa mada haikunituma. Watoto wengi wa mikoa hii wanakariri kwa sababu lugha inawapa woga. Sentensi haieleweki, basi anaimeza nzima kama kidonge, akiamini itatoka nzima. Ikipotea neno moja la katikati, yote imepotea. Fanya hivi: funga daftari, mweleze mwenzako topiki hiyo kwa Kiswahili, kwa maneno yako mwenyewe, mpaka aelewe. Ukishaimudu, iandike kwa Kiingereza chako, sentensi fupi fupi. Kiingereza kifupi kilicho sahihi kinapata alama. Mwalimu anayemchapa mtoto kwa sababu amejadili fizikia kwa Kiswahili wakati wa prepo anamzuia kuelewa. Nimelisema hilo mbele ya wakuu wa shule na sitaliondoa.

Turudi. Kuna kundi jingine, lile la "liwalo na liwe". Wenzao wakienda prepo wao wanacheka dirishani, "Mtihani ni karatasi tu, mimi siogopi." Walimu tunawaita wavivu tukamaliza. Nawaomba tuwaangalie tena. Wengi wao wanaogopa kuliko mpiga msuli. Mtoto aliyesoma akafeli, watu watasema hana akili. Ambaye hakusoma akafeli, watasema hakusoma, na akili yake inabaki salama. Kwa hiyo anachagua kutosoma ili ajilinde. Ukimtukana unamthibitishia hofu yake. Mpe swali moja dogo analoweza, alijibu, alione tiki. Kesho mpe mawili. Huyo harudishwi kwa hotuba.

Wanaosubiri pepa ivuje sina la kuwaambia zaidi ya hili: matokeo ya anayebainika kudanganya yanafutwa. Wengi wanaouziwa pepa usiku wanauziwa karatasi zilizotungwa na matapeli, na usiku huo walikuwa na uwezo wa kulala.

Kulala, ndiyo. Ubongo unapolala unapanga na kuimarisha ulichojifunza mchana. Vijana wa umri wenu wanahitaji saa 8 hadi 10. Najua ratiba za mabweni yetu haziruhusu 10, lakini saa 4 alizobakiwa nazo mtu wa beseni ni wizi anaojifanyia mwenyewe. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima yeye mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau inapotea mapema, ndani ya saa na siku za kwanza. Kwa hiyo jipime kesho yake, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki. Dakika 20 mara tatu zitakufaa kuliko usiku mmoja wa kukesha.

Sasa hofu inapokuja, maana itakuja hata kwa aliyejiandaa. Moyo unakwenda mbio, tumbo linavuruga, unataka kwenda chooni na umetoka huko sasa hivi. Hayo si mapepo wala hujarogwa. Mwili unajiweka tayari kwa jambo zito. Shusha pumzi polepole, kutoa iwe ndefu kuliko kuvuta, mara kadhaa. Soma karatasi yote. Anza na swali unalolijua, hata kama ni la 9. Ukishaandika jibu moja sahihi mkono unatulia.

Msidharau mwili, lakini. Januari 1962, Kashasha kule Muleba, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka wasiweze kuacha. Ikaenea hadi 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari walipochunguza hawakukuta sumu wala maambukizi. Mpaka leo tunasikia mabweni ya wasichana wanakoanguka kwa makundi wakati wa presha, na watu wazima tunakimbilia kutafuta mchawi, mara nyingine bibi fulani jirani anasingiziwa. Mtoto anayeanguka ana mzigo. Atolewe pale kwenye umati, atulizwe na mtu mmoja anayemwamini, apelekwe zahanati, na akishatulia aulizwe nini kinamtesa.

Wazazi wangu, muda wangu umekwisha na ninyi nimewaachia dakika chache, samahani. Niseme moja tu. Acheni kauli ya "usiniletee ziro humu ndani." Mnakumbuka matokeo ya 2012? Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, serikali ikayafuta, yakapangwa upya. Watoto walikuwa walewale kabla na baada. Mtihani unarudiwa, watu wanarisiti na kutoboa, na vyuo vya ufundi vipo. Mtoto anayejua kwamba nyumbani atapokelewa hata matokeo yakiwa mabaya anafanya mtihani akiwa na kichwa chepesi. Na mkiona mtoto haongei, hali chakula, anasema hana maana ya kuishi, msiseme ni utoto. Kaeni naye siku hiyohiyo. Simu kwa Mtoto ni 116, bure.

Habari ya makundi ya diskasheni na ya simu za mkononi nilikuwa nayo, mwalimu wa taaluma atawaeleza, nimemwachia.

Wanangu, kabla hamjatawanyika. Madaftari yote chini ya viti. Kila mmoja atoe karatasi moja tupu. Chagua topiki uliyosoma wiki hii, somo lolote. Andika kila unachokumbuka, bila kumtazama jirani. Mna dakika 10. Ukikwama, baki hapohapo na kalamu mkononi. Anzeni.