Saa 15 za Kwenda, Saa 14 za Kurudi

Ahsanteni. Nianze na shangazi yangu. Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, alisikia ratiba: ndege inaondoka saa 5:25 usiku, inafika saa 12:25 asubuhi. Akahesabu kwa vidole. "Saa saba tu? Basi la Mombasa linakaa zaidi!" Kisha akasikia ya kurudi: kuondoka saa 6:25 mchana, kufika kesho yake saa 4:55 asubuhi. Saa ishirini na mbili na nusu. Akaniuliza, "Kwani wakirudi wanatembea?"

Hesabu yake ilikuwa sawa. Ila kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake, na New York iko nyuma yetu kwa saa 7, au 8 wakati wao wa baridi. Ukisawazisha kwa hizo 8, unapata saa 15 za kwenda na 14 na nusu hivi za kurudi.

Sasa hapo ndipo utamu ulipo. Umbali ni kama kilomita 11,800. Ndege ya aina ile hukata takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanya: saa 13 na kidogo. Hizo nyingine zimeliwa na nani?

Kwanza tuione njia. Ukichukua ramani ya ukutani na rula, mstari utapita Nigeria, Burkina Faso, utokee Mauritania. Lakini shika tufe, uvute uzi kati ya miji hii miwili: unapanda Sudan Kusini, unakata Chad na jangwa la Algeria, unaingia Atlantiki kwa upande wa Moroko. Huo ndio mfupi, ingawa kwenye karatasi unaonekana umepinda kama upinde. Rubani naye haufuati kikamilifu. Kuna anga zinazokwepwa na dhoruba za kuzungukwa.

Mlaji mkubwa ni upepo. Juu kule, kilomita 10 hivi, juu ya Atlantiki ya kaskazini, kuna mkondo wa upepo unaokwenda kasi kutoka magharibi kuelekea mashariki. Ukienda Marekani unakupiga usoni. Ukirudi unakusukuma mgongoni. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa hili. Nahodha wa jahazi la Maskati hakuuliza maili kabla ya kuuliza kama ni kaskazi au kusi.

Kuna na jambo la hapa kwetu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mabawa hayapati mshiko, na ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 ni nzito kama gunia la mawe. Usiku hewa ikipoa huwa nzito kidogo, kupaa kukawa afadhali.

Naona mkono kule nyuma. Eti kwa nini ndege isining'inie tu angani, dunia izunguke, Marekani itujie yenyewe? Swali zuri, na ingekuwa nauli ya bure! Lakini hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Umewahi kuona nzi ndani ya matatu? Anaruka huku na huku, dereva anakanyaga mafuta, na bado nzi hagongi kioo cha nyuma.