Injini ya Pawatila Imechoka: Tuifufue au Tununue Nyingine?

MKULIMA: Karibuni, wasikilizaji. Mimi ninalima mpunga katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, na mwenzangu katika kipindi hiki ni fundi wa injini za dizeli ambaye amefungua injini za pawatila nyingi kuliko anazoweza kuzikumbuka. Shikamoo, Fundi.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Habari za shamba?

MKULIMA: Shamba ni salama, ila pawatila yangu, trekta dogo la magurudumu mawili, haiko salama, na ndiyo iliyonileta. Injini yake ni ya silinda moja, aina ya S195, ya nguvu za farasi 12. Niliinunua katika miaka ile ya Kilimo Kwanza, baada ya 2009, mashine hizi zilipoanza kuonekana kwa wingi vijijini. Sasa inatoa moshi wa bluu, inakula oili, na asubuhi vijana wawili hupokezana hendeli mpaka jasho linawatoka. Jirani mmoja ananiambia niifumue, mwingine ananiambia nisitupe fedha, ninunue mpya. Ninataka kujua nimsikilize nani.

FUNDI: Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeiona kwa ndani. Moshi wa bluu unakuambia kwamba oili inaungua, lakini haukuambii ni chuma kipi kilichochoka. Injini hii ilitengenezwa kwa namna inayomfaa mtu wa kijijini: pistoni yake, yenye kipenyo cha milimita 95, haitembei ndani ya bloku yenyewe, yaani mwili mkuu wa injini, bali ndani ya laina, yaani bomba la chuma linaloingizwa katika bloku na kuzungukwa na maji ya kupozea. Laina ikilika, inachomolewa na kuwekwa nyingine pamoja na pistoni na ringi zake, bila bloku kupelekwa popote kuchongwa. Kwa hiyo laina kulika si sababu ya kuiacha injini. Ninachotaka kujua mimi ni hali ya bloku na hali ya kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni.

MKULIMA: Basi niruhusu nieleze lililonipata, kwa sababu ndilo linalonitia hofu. Misimu miwili iliyopita fundi mmoja aliifumua injini hiihii. Alinitoza fedha ya kueleweka, akaweka ringi mpya, ikaunguruma vizuri, nikafurahi. Kabla mpunga haujavunwa ilikuwa imeanza tena kunywa oili.

FUNDI: Alibadilisha laina?

MKULIMA: Hapana. Aliniambia kwamba laina bado ni nzima.

FUNDI: Hapo ndipo ulipopotea, na ninasikitika kwa sababu wengi wamepotea papo hapo. Laina hailiki sawasawa. Inalika zaidi pale juu, ringi ya kwanza inapogeukia, kwa kuwa hapo joto na mgandamizo ni vikali kuliko kwingine na oili inayofika ni kidogo. Pistoni ikishatolewa, ingiza kidole ndani ya laina na uburute ukucha kuelekea mdomo wake. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, laina hiyo imekwisha, hata kama inang'aa kama kioo. Kung'aa huko ndiko kunakowadanganya watu, maana mikwaruzo midogo ya kiwandani inayoshika oili imefutika, na ringi mpya haiwezi kukaa juu ya ukuta wa namna hiyo. Kuna pia kipimo cha pili kisichohitaji gharama: chukua ringi peke yake, isukume ndani ya laina kwa kichwa cha pistoni ili ikae wima, kisha upime mwanya wa ncha zake, pale juu na kule chini, kwa fila, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Mwanya wa pale juu ukiwa mkubwa waziwazi kuliko wa chini, laina imepanuka.

MKULIMA: Na kabla ya kuifungua, hakuna njia ya kukisia? Nimewaona watu wakimwaga oili kidogo ndani ya silinda.

FUNDI: Ipo, lakini uitumie kwa uangalifu. Katika injini iliyosimama wima, oili husambaa pande zote za pistoni na kuziba mwanya wa ringi, hivyo mgandamizo ukirudi unajua kwamba tatizo ni ringi au laina, na usiporudi unashuku valvu. Injini yako imelala, silinda yake inaelekea mbele, na oili hutulia upande wa chini tu. Izungushe mara kadhaa kwa hendeli kabla ya kutoa hukumu. Mimi hupendelea kufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Ikiwa inapumua kwa nguvu, moshi ukitoka kwa mapigo, gesi inapita kwenye ringi. Halafu tazama kile kidude chekundu juu ya kifuniko cha valvu, kinachoinuka presha ya oili inapopanda. Kikiinuka injini ikiwa baridi na kushuka ikishapata moto, ninaanza kuwa na wasiwasi na beringi za kranki.

MKULIMA: Chetu huinuka asubuhi. Mchana sijawahi kukitazama.

FUNDI: Kitazame kesho, mashine ikiwa imefanya kazi kwa saa moja.

MKULIMA: Turudi kwenye bloku. Unaangalia nini hasa?

FUNDI: Ninaangalia mahali laina inapokalia. Chini yake kuna raba mbili za duara zinazozuia maji yasiingie kwenye oili, na raba hizo zinategemea ukuta laini wa bloku. Huku kwetu injini ikichemka shambani, kijana anachota maji ya mfereji na kuyamimina kwenye tangi. Maji hayo yana tope na chumvi, na baada ya miaka bloku inakuwa na mashimo ya kutu mahali raba zinapokaa. Utaweka laina mpya na raba mpya, na baada ya wiki moja utachomoa kijiti cha oili na kukuta oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Bloku ya namna hiyo siifufui. Pili ninaangalia bega la juu ambalo shingo ya laina inakalia. Laina ikikaa vizuri, inajitokeza juu ya uso wa bloku kidogo sana, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, ili hedi, yaani kifuniko cha silinda, iibane pamoja na gasketi. Bega likiwa limelika, laina inazama, na gasketi itaungua kila mara hata ukibadilisha kumi.

MKULIMA: Na kranki?

FUNDI: Kranki haipimwi kwa macho. Ipelekwe Mbeya mjini, kwenye karakana ya kuchonga vyuma, ipimwe kwa mikromita katika pande mbili, kwa maana shingo yake, pale beringi inapokaa, ikilika huwa na umbo la yai. Ikiwa inaweza kuchongwa robo ya milimita na kufungwa beringi za saizi hiyo, injini inafufuka. Ikiwa imeshachongwa mara mbili au ina ufa, jumlisha bei ya kranki mpya, beringi, laina, pistoni, gasketi na hedi kama valvu zimekaa vibaya. Mimi nikiona jumla hiyo imevuka nusu ya bei ya injini mpya, ninamwambia mwenyewe anunue, kwa sababu pampu, nozeli na gia zake bado ni zilezile za zamani.

MKULIMA: Dukani nilishauriwa kuchukua injini kubwa zaidi, ya nguvu za farasi 22, kwa maelezo kwamba tofauti ya bei si kubwa.

FUNDI: Hapo nitakuzuia kabisa. Injini ile ni nzito zaidi, na giaboksi, klachi na ekseli za pawatila yako zilitengenezwa kwa nguvu ya farasi 12 au zaidi kidogo. Utakapochabanga, yaani kuvuruga tope, katika jaruba lenye tope zito, gurudumu likakwama, injini ya zamani ingezimika na kuiokoa giaboksi. Ile kubwa haitazimika, na kitakachokatika ni meno ya gia. Kosa lingine ni kununua injini ndogo nyepesi inayozunguka mara 2,600 kwa dakika na kuifunga puli ileile ya S195, ambayo mwendo wake ni 2,000. Jembe la kuzunguka na giaboksi vitakwenda kwa kasi iliyozidi kwa karibu theluthi moja. Ukinunua, nunua aina ileile, matundu ya kufungia yakubaliane na fremu, na puli yako ikae bila kutengenezewa kipande.

MKULIMA: Tuseme bloku imepona na kranki imepona. Nitajuaje kwamba msimu ujao sitarudi hapahapa?

FUNDI: Kwa kutafuta kilichoiua. Fungua bomba la hewa kati ya kisafisha hewa na hedi, upitishe kidole kitupu ndani yake, kisha usugue kidole hicho kwa kidole gumba. Ukisikia punje za mchanga, vumbi linaingia, na vumbi likichanganyika na oili ni msasa. Pawatila nyingi hapa haziui injini zake kwenye maji ya mpunga, zinaziua Oktoba na Novemba, zinapovuta tela la magunia kwenye barabara kavu huku bakuli la kisafisha hewa likiwa halina oili hata tone.

MKULIMA: La kwangu sikumbuki lilijazwa lini.

FUNDI: Basi huenda tumeshajua kilichozila zile ringi mpya. Osha wavu wake kwa dizeli, jaza oili mpaka kwenye alama, na ubadilishe raba ya maungio ikiwa imepasuka. Halafu, fundi yeyote atakayeifunga injini yako, simama naye anapopanga gia. Injini hii ina shafti mbili za kusawazisha mtikisiko, na alama za meno yake zisipokutana, injini itawaka lakini itatikisika mpaka ilegeze boliti za fremu.

MKULIMA: Mpunga wangu umekwisha kuvunwa na kitalu ni mpaka Desemba. Jumamosi ninaweza kuileta?

FUNDI: Ilete, na oili usiimwage kabla sijaiona. Lete na puli pamoja na mikanda yake, kwa sababu kranki ikikataa, nitataka kulipima tundu la puli kabla hujakwenda dukani.